Wawili Hawafiki Siku Moja

(Hotuba iliyosomwa katika kikao cha jioni cha mkutano wa ukoo)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya mume na mke wanaohamia nchi ngeni. Nadhani nimechaguliwa kwa kuwa nimestaafu na sina tena udhuru wa kukosa nafasi. Lakini iko sababu nyingine. Mwaka huu zipo nyumba kadhaa za vijana wetu zinazofunga mizigo, na kila tukikutana husikia maswali yale yale: kazi kaipata wapi, mshahara kiasi gani, tiketi atakata nani. Sijapata kusikia likiulizwa swali juu ya yule wa pili, anayefuatana. Ni juu yake huyo ninayetaka kuzungumza.

Mimi na mwenzangu tuliteremka uwanja wa ndege wa Seeb mwezi wa Julai 1983, tukiwa na miezi mitano tangu kuoana. Unguja walitupongeza kwamba "tunarudi kwetu", kwa kuwa babu yangu alizaliwa Ibra, na nasaba yangu ilithibitishwa na sheikh wa kabila, kama walivyofanyiwa wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki. Neno hilo la kurudi lilikuwa na uzito wake mbele ya makarani wa uraia. Ila mimi nimezaliwa Ng'ambo, mwenzangu kazaliwa Wete, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga Omani. Usiku ule wa kwanza, saa nne, joto lilikuwa halijapungua, na mwenzangu akauliza kama nchi hii jua huendelea kuwaka hata baada ya kuchwa.

Mimi nilikuwa na bahati ya wakati. Tangu Sultan Qaboos ashike madaraka mwaka 1970, serikali ilikuwa ikijenga shule, hospitali na wizara kwa kasi kubwa, na ilihitaji watu waliosoma. Sisi wa Zanzibar tulikuja na Kiingereza, na Kiingereza kilikuwa na kazi nyingi katika mabenki, katika mafuta na katika idara za ufundi. Wiki ya tatu nilikuwa na meza, nina mafaili, na nina karani mwenzangu aliyezaliwa Malindi ya Unguja. Kahawa tukinywa kwa Kiswahili, barua tukiandika kwa Kiingereza. Naweza kusema kwamba niliihama Unguja lakini sikuwahama watu wake.

Mwenzangu alifika kwingine kabisa. Tulikaa kwa ami yangu, Muttrah, miezi kumi na mitatu. Ami na mkewe walitupokea kwa mapenzi nisiyoweza kuyalipa, lakini kila mwanamke aliyeishi katika jiko la mwanamke mwingine anajua ninalolisema: si mgeni wa kuandaliwa, wala si mwenyeji wa kuamua chumvi. Kule Wete alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Watoto wakimwamkia njiani. Hapa cheti chake kilikuwa cha kufundisha kwa Kiswahili, lugha ambayo hapana darasa lililokuwa likiihitaji. Mimi nikirudi kazini saa nane na nusu mchana nimejaa habari za watu. Yeye alikuwa na habari moja tu, kwamba leo pia hakutoka.

Ndiyo maana husema kwamba wawili waliopanda ndege moja hawafiki siku moja. Mimi nilifika Julai 1983. Mwenzangu, kwa hesabu yake mwenyewe (na yumo humu ukumbini, atanisahihisha), alifika mwishoni mwa 1985.

Alifikaje? Tulipopata nyumba ya kupanga Ruwi, jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mama mjane kutoka bara ya Omani, asiyejua hata neno moja la Kiswahili. Bibi huyo alikuwa na mikate yake myembamba, mwenzangu alikuwa na mandazi, na sahani zikaanza kwenda na kurudi. Kisha akajiandikisha katika masomo ya jioni ya watu wazima. Nyote mnajua hali yetu: herufi za Kiarabu tumezisoma chuoni tangu utotoni, tukasoma juzuu baada ya juzuu, lakini maana hatukuijua. Yeye aliianza maana tangu mwanzo, pamoja na kina mama waliokuwa ndiyo kwanza wanashika kalamu. Mwalimu mzima, mwenye cheti, akakaa kwenye dawati la mwanafunzi. Baada ya miaka miwili alikuwa akisoma gazeti.

Tangu hapo mizani ikageuka. Barua za shule ya watoto, za maji, za umeme, zote zilikuja kwa Kiarabu, na msomaji alikuwa yeye. Waraka wa ofisini ulionishinda niliutia mfukoni nikaja nao nyumbani. Tulipokwenda Ibra kuwazuru watu wa babu yangu (siku hizo mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, yalihamishiwa Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013), mimi mwenye nasaba nilikaa na wanaume nikitabasamu na kula halua, naye wa Wete alikaa na wanawake akirejea na habari zote: nani kamuoa nani, shamba la nani halipati tena maji ya falaji. Nusu ya shajara ya ukoo iliyochapwa katika kitabu hiki ilikusanywa siku zile, kwa masikio yake.

Niseme pia juu ya fedha, maana hapo ndipo nyumba nyingi hupasuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Unguja na bara kulikuwa na uhaba wa sabuni, sukari na nguo, na kila msafiri aliondoka Muscat na mizigo ya watu wengine. Mwenzangu hakuwa na mshahara, lakini mwezi wa kwanza aliniambia: "Mshahara ni wako, safari ni yetu sote." Basi tukawa na bahasha mbili zilizo sawa, moja kwa wazee wangu na moja kwa wazee wake. Naona baadhi ya wazee wanacheka. Wanazikumbuka barua walizoniandikia. Ziliandikwa kwa ufasaha mkubwa, na bahasha zikabaki mbili.

Leo safari ni ngumu zaidi. Uingereza tangu 2010 inamtaka mwenzi anayemfuata mwenzake aliyekwisha kukaa huko afanye kwanza mtihani wa Kiingereza, na mwaka 2024 kipato kinachotakiwa kilipandishwa kutoka pauni 18,600 hadi pauni 29,000 kwa mwaka. Na wa pili huyo si lazima awe mwanamke. Yuko mpwa wangu aliyemfuata mkewe muuguzi. Mke ana zamu, ana wenzake, ana jina kifuani, naye ana funguo za nyumba na simu. Wanaume hali hiyo huwalemea zaidi, kwa sababu hawana sahani ya kupeleka kwa jirani.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta hoja. Mfuko wetu umezoea kumsaidia mwenye barua ya kazi. Napendekeza kwamba kila nyumba inayohama, msaada ugawanywe mara mbili sawa, na nusu ya pili apewe mkononi mwake yule anayefuatana: kwa ada ya lugha, kwa mtihani, kwa kukaguliwa vyeti vyake, au kwa kusomea kazi mpya. Asiulizwe na mume wala mke amezitumiaje. Aulizwe na kamati.

Mweka hazina ameshaninong'oneza kwamba fedha hazitoshi. Nimemjibu kwamba karamu ya siku ya mwisho ina mbuzi wengi kuliko watu. Naomba hoja hii ipigiwe kura kesho asubuhi, kabla ya chai, na waanze kuulizwa waliofuatana.