Mtungi Unaovuja: Uchumi na Ulinzi katika Pwani ya Cabo Delgado



Tumezoea kuupima ulinzi wa nchi kwa idadi ya askari, kwa ubora wa silaha na kwa wepesi wa vyombo. Kipimo hicho ni cha haki, lakini hakitoshi. Kila kamanda anajua kwamba eneo likisha kukombolewa, swali la pili huwa gumu kuliko la kwanza: wananchi waliorudi vijijini wataishi kwa kitu gani? Leo tunataka kulitazama swali hilo kwa kufuata kazi ya mtaalamu mmoja wa uchumi wa Msumbiji, Dakta Carlos Nuno Castel-Branco, na kuipima kazi yake katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma.

Historia ya karibuni ya pwani ile mnaifahamu. Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa. Agosti 2020 mji huo pamoja na bandari yake ukaangukia mikononi mwa waasi, ukakaa humo kwa mwaka mzima. Oktoba 2020 moto huo ukavuka mto na kuingia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Tarehe 24 Machi 2021 ulishambuliwa mji wa Palma, jirani na rasi ya Afungi ambako mradi mkubwa wa gesi asilia ulikuwa ukijengwa. Mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ilisimamisha kazi kwa kutangaza kwamba imeshindwa kutimiza mikataba yake kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Julai 2021 yakaingia majeshi ya Rwanda na yale ya nchi za Kusini mwa Afrika, wakiwamo askari wa Tanzania, na Agosti Mocímboa da Praia ikakombolewa. Kufikia mwishoni mwa 2022 watu wapatao milioni 1 walikuwa wameyahama makazi yao.

Sasa tumtazame huyu mtaalamu. Dakta Castel-Branco alifundisha uchumi katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane mjini Maputo. Mwaka 2002 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha London kwa utafiti juu ya siasa ya viwanda nchini mwake. Mwaka 2007 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Taasisi ya Masomo ya Jamii na Uchumi, ijulikanayo kwa kifupi cha Kireno IESE, naye akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Wakati huo wakubwa wa fedha duniani walikuwa wakiisifu Msumbiji kwa sauti moja. Tangu miaka ya 1990 uchumi wake ulikuwa ukikua kwa asilimia 7 au zaidi katika miaka mingi. Hata hivyo, hesabu za serikali yenyewe zilionyesha kwamba mwaka 2002 na 2003 watu maskini walikuwa asilimia 54 ya wananchi, na mwaka 2008 na 2009 walikuwa karibu asilimia 55. Pato la taifa lilipanda miaka sita mfululizo, na umaskini haukutikisika.

Wengi walilipita jambo hilo kimya. Yeye alilisimamia. Jibu lake, alilolieleza kwa kirefu katika makala ya mwaka 2014, ni kwamba uchumi wa Msumbiji ulijengwa ukiwa na vitundu, kama mtungi unaovuja. Maji humiminwa kwa wingi juu, wapita njia wakausifu mtungi, lakini wenye kiu wakija na kata hukuta kitakoni tu.

Mfano aliourudia mara nyingi ni kiwanda cha Mozal cha kuyeyusha alumini, karibu na Maputo, kilichoanza uzalishaji mwaka 2000. Kiwanda hicho peke yake kilizidisha sana mauzo ya Msumbiji katika nchi za nje. Lakini malighafi yake ilitoka ng'ambo na alumini ikaenda ng'ambo. Kilikuwa na ajira chache kwa kulinganisha na mtaji wake. Na badala ya kodi ya kawaida ya faida kilitozwa asilimia 1 tu ya mauzo. Hivyo ndivyo utajiri unavyoweza kupita katika nchi bila ya kutua.

Tundu la pili liko katika fedha, nalo ndilo lisiloonekana kwa urahisi. Serikali iliyosamehe kodi za wakubwa hubaki na mahitaji yaleyale ya shule, zahanati, barabara na mishahara, ikiwamo mishahara ya askari. Hulazimika kukopa, na hukopa pia katika mabenki ya nchini kwa riba kubwa. Mwenye benki naye hupiga hesabu yake. Akiikopesha serikali, faida yake ni ya hakika. Akimkopesha mvuvi wa Palma anayetaka mashine ya mashua au sanduku la barafu, anaingia katika mashaka ya bahari, ya soko na ya dhamana. Basi huichagua serikali, na mvuvi hutajiwa riba asiyoiweza au hafunguliwi mlango kabisa. Kwa njia hiyo msamaha wa kodi uliotiwa saini mjini Maputo humfikia mvuvi wa Cabo Delgado kwa sura ya mkopo alionyimwa, ingawa mwenyewe hajui kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Anabaki na upatu wa jirani zake, ambao ni msaada mwema, lakini haununui chombo cha kwenda maji makuu.

Tundu la tatu linawahusu moja kwa moja walinzi wa pwani. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za dola zilikopa kwa siri, kwa dhamana ya serikali, bila ya idhini ya Bunge: ProIndicus dola milioni 622, Ematum dola milioni 850, na MAM dola milioni 535. ProIndicus ilisemwa kuwa ni ya kulinda bahari. Ematum, ya kuvua jodari. Siri ilipofichuka mwaka 2016, Shirika la Fedha la Kimataifa na wafadhili wengine walisimamisha misaada yao, na mzigo ukawaangukia wananchi. Julai 2024 mahakama ya London iliamua kwamba kampuni ya Privinvest, iliyouza vyombo hivyo, ilitoa rushwa, na Agosti 2024 waziri wa zamani wa fedha, Manuel Chang, alitiwa hatiani mjini New York. Mkopo ulikopwa kwa jina la ulinzi wa bahari. Mwaka 2020 bandari ya Mocímboa da Praia ilitekwa. Askari aliyepigana pale bila ya vyombo vya kutosha alilipia kwa damu hesabu iliyoandikwa na watu wengine.

Dakta Castel-Branco mwenyewe hakusalimika. Novemba 2013 aliandika barua ya wazi ya kumlaumu vikali Rais wa wakati huo, Armando Guebuza. Mwaka 2015 alishtakiwa kwa kosa dhidi ya usalama wa dola, na Septemba mwaka huohuo mahakama mjini Maputo ikamwachia huru, yeye pamoja na mhariri aliyeichapisha barua hiyo. Zingatieni, ndugu askari: mtu huyo alishtakiwa kuhatarisha usalama wa dola wakati ambapo mikopo ya siri, iliyoudhuru usalama huo kweli, ilikuwa bado imefungiwa katika makabati. Mlinzi anayepiga kelele usiku huwaudhi waliolala. Lakini kumfunga mdomo hakumwondoi adui.

Tusipotoshe jambo. Umaskini peke yake haumfanyi mtu kuwa muuaji. Ziko sehemu nyingi maskini zenye amani. Wanaochinja wanakijiji wana itikadi yao na wana hatia yao. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa na IESE mwaka 2019 ulionyesha kwamba kundi hilo lilivuta vijana wasio na elimu wala kazi, na lilijipatia fedha katika biashara za magendo. Adui huchota palipo na maji. Kijana aliyeona malori yakielekea Afungi, naye hana leseni, hana mkopo wala kibarua, ni rahisi kudanganywa. Wako pia wavuvi waliohamishiwa Quitunda kupisha mradi, wakapewa nyumba za matofali mbali na bahari. Nyumba ni kitu kizuri, lakini haivuliwi samaki.

Hatua zimeanza. Mwaka 2020 iliundwa Wakala ya Maendeleo ya Kaskazini. Sheria ya mwaka 2024 ilianzisha mfuko wa taifa wa mapato ya gesi, ambao kwa miaka 15 ya kwanza utawekewa asilimia 40, na asilimia 60 itaingia katika bajeti. Novemba 2025 TotalEnergies ilitangaza kuiondoa ile hali ya kusimamisha mradi. Kwa hiyo maji yatamiminwa tena, na swali la mtungi linarudi pale lilipokuwa. Sisi wa kaskazini ya Ruvuma hatuna haki ya kulisikiliza kama hadithi ya jirani. Mwaka 2013 Mtwara yetu iliwaka kwa sababu ya swali hilohilo la gesi: nani atafaidi?

Askari hatungi sheria ya kodi wala hapangi riba ya benki. Lakini liko tundu moja ambalo ufunguo wake uko mkononi mwake, nalo ni kizuizi cha barabarani. Mchuuzi wa samaki wakavu akitozwa kitu kidogo katika kila kizuizi, faida yake ya wiki imekwisha kabla hajafika sokoni, na imani yake kwa dola imekwisha pamoja nayo. Mvuvi akizuiwa kuingia baharini kwa sababu ya usalama, aelezwe kwa heshima, na bahari ifunguliwe mara hatari inapopita. Yule mvuvi ndiye anayejua mashua ngeni iliyotia nanga usiku. Atakuja kumwambia askari anayemwamini. Askari aliyempora hatamwambia neno.

Mtungi uliotoboka hauzibwi kwa bunduki. Bunduki humlinda fundi wakati anapouziba, na kazi hiyo ni tukufu. Lakini fundi asipofika, mlinzi atakesha mpaka lini?