Akiba ya Kiwandani: Nini Maana ya Kupandisha Mapigo ya Kompyuta



Iko kauli inayozunguka miongoni mwa mafundi vijana, na mwenzangu mmoja wa chuoni ameitetea hadharani: kwamba asiye na pesa za kompyuta mpya achukue ya mitumba, apandishe mapigo ya kichakataji, na atakuwa na mashine mpya bila kutoa hata shilingi. Kauli hii inawapa watu wetu tumaini mahali pasipo na tumaini, ndiyo maana nitaichambua kwa urefu.

Maana yenyewe haina ubishi. Kichakataji hutenda kazi kwa kufuata mapigo, mabilioni kwa sekunde. Kiwanda hukipima, kisha hukipangia kasi ambayo kitaimudu kwa miaka, hata kwenye joto. Kati ya kasi hiyo na ukomo wake halisi hubaki akiba. Kupandisha mapigo ni kuila akiba hiyo, na mara nyingi hulazimu kuongeza volteji ili kisiyumbe.

Watetezi hutaja Celeron 300A, kichakataji cha Intel cha mwaka 1998. Kizidishi chake kilikuwa 4.5, na ubao mama uliipa mapigo ya megahezi 66; ukizidisha, unapata kama 300. Ukibadilisha 66 kuwa 100, unapata 450. Wengi walijaribu wakafaulu, nami nakiri kwamba ilikuwa faida kubwa. Lakini ni mashine gani zinazofika hapa Sena, kisiwani Mfangano, leo? Ni za ofisini: Dell OptiPlex na jamaa zake, zilizotumika Ulaya zikauzwa. Tangu 2011, katika vichakataji vingi vya Intel njia hiyo ya mapigo ya ubao mama imebanwa, na kizidishi kimeachwa wazi katika vile vya bei ya juu, hasa vyenye herufi K. BIOS ya mashine ya ofisini haina hata ukurasa wa kufanyia kazi hiyo. Dawa anayoandikiwa maskini inauzwa kwa tajiri.

Na hata ingepatikana, ingetibu ugonjwa mwingine. Kompyuta kuukuu huchelewa kwa sababu RAM ni ndogo na diski ni ile ya kuzunguka. Kichakataji kinachosubiri diski hakina faida na mapigo ya ziada. Kitasubiri tu kwa mapigo mengi zaidi.

Kuhusu gharama ya mapigo hayo, niruhusuni nikae kidogo kwenye andiko ninalolipenda kuliko yote ya fani yangu. Mwaka 1974, Robert Dennard na wenzake wa IBM walichapisha makala yenye jedwali moja dogo. Linasema hivi: punguza vipimo vya transista, na volteji uipunguze kwa kiwango hichohicho. Ucheleweshaji utapungua. Umeme wa kila saketi utapungua kwa mraba wa kiwango hicho. Mstari wa mwisho unahusu umeme unaoliwa katika kila eneo la silikoni, na mbele yake pameandikwa tarakimu moja tu: 1. Yaani haubadiliki. Tasnia nzima iliishi kwa mstari ule kwa miaka kama thelathini, kasi ikipanda bila kuunguza silikoni. Ulipovunjika, kwa kuwa transista ndogo mno huvujisha umeme na volteji haikuweza kushuka tena kama zamani, Intel yenyewe mwaka 2004 iliufuta mradi wa kichakataji kiitwacho Tejas na kugeukia viini vingi.

Tazameni basi: kasi ya Dennard ilikwenda pamoja na kushuka kwa volteji. Mpandishaji anaipandisha. Umeme unaoliwa hufuata mapigo mara volteji kwa mraba. Ongeza mapigo asilimia 20 na volteji asilimia 10, matumizi yanapanda asilimia 45. Kichakataji cha wati 65 kinakuwa cha wati 94. Kwa saa nane za kazi nzito, ziada hiyo ni kama wati-saa 235, karibu sehemu mbili kati ya tano za ile nusu inayotumika salama ya betri ya volti 12 na ampea-saa 100, yaani asilimia 39 hivi. Katika kisiwa chenye vituo kama Ekialo Kiona, palipotolewa huduma ya kompyuta kwa nguvu ya sola kwa wanaokubali kupima virusi vya Ukimwi kila miezi sita, wati hizo ni zamu ya mtu mwingine mbele ya skrini.

Kuna pia hewa yetu. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya pwani, na feni hupoza kwa hewa. Niliwahi kufungua kompyuta ya duka moja la hapa, iliyokuwa ikizima kila jioni. Kati ya feni na mapezi ya alumini palijaa vumbi na vijidudu vya ziwani, vile vinavyofuata taa usiku, vimeshikamana hata nikavibandua kwa ncha ya bisibisi. Akiba ya mashine ile ilikuwa imekwisha kuliwa.

Sisemi elimu hii itupwe. Mwaka 2012 Raspberry Pi iliruhusu rasmi kompyuta yake ndogo ipande kutoka megahezi 700 hadi 1,000 bila kupoteza dhamana, na ijirudishe yenyewe joto likifika nyuzi 85. Huko ni kupandisha kwa kipimo. Lakini kwa visiwa vyetu ninashikilia kwamba ufundi mkubwa ni kushusha. Punguza mapigo na volteji asilimia 10 kila kimoja, matumizi yanashuka asilimia 27. Hata mashine iliyofungwa, Windows inakuruhusu kuiwekea ukomo wa kasi, nayo hushusha volteji yenyewe.

Walimu wa Mfangano na Rusinga, nawaomba: kabla kijana hajafundishwa kupandisha namba, afundishwe kusoma joto, kusafisha feni, kuongeza RAM na kubadilisha diski. Nanyi mnaotuletea kompyuta za msaada, ulizeni kwanza zinakula wati ngapi.