Muhuri Usioonekana Katika Barua Pepe

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Kamanga, mkoani Mwanza)



Barua inayovushwa kwa kivuko kutoka Kamanga na kutiwa posta mjini Mwanza hugongwa muhuri wa mahali na tarehe. Muhuri huo kila mtu huuona.

Barua pepe nayo ina mihuri yake, ila imefichwa. Kila kompyuta inayoipokea na kuipitisha huandika jina lake, tarehe na saa, katika maelezo ambayo kwa kawaida msomaji haonyeshwi. Pengine huandikwa hata namba ya intaneti ya chombo kilichoituma. Na kwa namba hiyo kampuni ya simu yaweza kumtambua mteja wake. Aidha, mtumaji aweza kupachika picha ya nukta moja isiyoonekana kwa jicho, ili barua ikifunguliwa ajulishwe saa iliposomwa. Simu yenyewe ina namba ya tarakimu 15. Kwa namba hizo simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016.

Kwa hiyo, anayetumia jina la kubuni amejificha kwa jirani, hakujificha kwa mwenye daftari. Ndiyo maana Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alishtakiwa kwa kuzuia uchunguzi, polisi walipotaka taarifa za watumiaji wa mtandao huo.

Uhalifu lazima uchunguzwe. Lakini yuko pia mwalimu mwaminifu anayeandika kueleza ubadhirifu wa fedha za shule. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa za Uhalifu na Mashahidi ya mwaka 2015 ilitungwa kwa ajili ya watu kama huyo. Ulinzi huo utamfaa nini, ikiwa ofisa aliyepokea barua ataipeleka jinsi ilivyo, pamoja na anwani ya mwandishi, kwa yule yule anayelalamikiwa?

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi halali zilikokusanyiwa. Basi mwalimu asiandike siri katika kompyuta ya ofisi, akidhani kuacha jina kunatosha. Naye mtumishi aliyekabidhiwa barua ya mwananchi atambue kwamba amekabidhiwa usalama wake pia.