Askari, Mwimbaji na Baba wa Nyumba: Maneno Juu ya Mzee wa Kashozi



Nimetakiwa niseme machache juu ya mtu mmoja wa Kashozi, ambaye wengi wenu mlimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa ndugu mkubwa wa baba yangu, kwa hiyo kwangu ni baba mkubwa, nami nitamwita hivyo. Jina lake wenye nyumba wameomba lisichapwe. Sikuja kumsifu. Sifa alizipata siku ya maziko, tena nyingi. Nimekuja kwa sababu ya jambo lililonisumbua tangu siku ile, nalo ni hili: wasifu uliosomwa pale kaburini ulikuwa wa kweli kila neno, na hata hivyo mtu tuliyekuwa tukimzika hakuwamo ndani yake.

Aliyeuandika alifanya kama sisi makarani tufanyavyo. Alichukua hati ya kustaafu, akanakili namba ya uaskari, vituo na cheo. Akachukua cheti cha ubatizo na cha ndoa. Akahesabu watoto na wajukuu. Muziki ukapewa mstari mmoja tu, ya kwamba marehemu alipenda nyimbo. Waitu, mzee yule hakupenda nyimbo kama mtu apendavyo senene! Nyimbo zilikuwa kazi yake, mshahara wake na sala yake.

Ili mambo yake yafahamike, sharti nianze na mahali. Kashozi si kijiji tu kilicho njiani kaskazini ya Bukoba. Mapadre Weupe walifika hapo mwaka 1892, baada ya vita vya Mengo kuwatoa Buganda, na Askofu Hirth akapafanya makao yake. Ndiye aliyekwenda Rwanda kuanzisha misheni ya Save mwaka 1900. Basi mtoto aliyezaliwa Kashozi katika miaka ya 1930 alikuta kanisa lenye umri kuliko baba yake, na waimbaji waliofundishwa na waimbaji. Baba mkubwa aliimba Kilatini akiwa hajui kusoma sawasawa. Alisema kinywa chake kilijifunza kabla ya kichwa.

Lakini sikio lake lilikuwa na mwalimu mwingine. Nyumbani walikuwapo wazee waliokumbuka amakondere, zile pembe zilizopigwa mbele ya Wakama, kila mtu na pembe yake na sauti yake moja, hata watu wengi wakawa wimbo mmoja. Kulikuwa na wapiga enanga pia, ambao waliweza kushika baraza usiku kucha kwa habari za mashujaa wa kale. Ngoma hizo hazikuingia kanisani siku zile. Kijana alikuwa na nyimbo za mlangoni na nyimbo za altareni, na akakua akidhani kwamba hazitakutana kamwe.

Katika miaka ya 1950 akajiunga na polisi. Jeshi la Polisi la Tanganyika liliundwa mwaka 1919, makao yake yakiwa Lushoto hata yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1930. Na kwa muda huo wote raia wengi walimjua askari kama mtu ajaye kwa ajili ya kodi. Mama yake alilia. Hakulia kwa kuogopa risasi, alilia kwa kuogopa majirani. Mwanawe alimwambia kwamba huko kuna tarumbeta, naye mama akajibu kwamba hajapata kusikia mtu akikamatwa kwa tarumbeta.

Alipelekwa mafunzoni, khalafu akachaguliwa kuingia katika bendi. Hapa naomba vijana wasikilize, maana watu hudhani bendi ni mchezo. Mpiga tarumbeta wa polisi alikuwa askari kwanza. Alikwenda kwata pamoja na wenzake, alishika zamu ya ulinzi, na asubuhi alisugua shaba hata ione uso wake. Ala haikuwa mali yake. Ilikuwa mali ya Serikali, imeandikwa katika daftari, na kila tundu na kila kidude alikitolea hesabu. Alijifunza kusoma alama za muziki karatasini, jambo ambalo wapigaji wengi hodari wa mjini hawakulijua. Katika miaka ya 1960 majeshi yetu yalianza kuwa na bendi za dansi. Polisi wakawa na yao, na Magereza, na Jeshi la Kujenga Taifa kadhalika. Askari aliyepiga gwaride mchana akapiga dansi usiku kwa mshahara ule ule. Baba mkubwa alifanya yote mawili. Jumamosi alirudi usiku wa manane, na Jumapili alikuwa katika misa ya kwanza, macho mekundu, akiimba sauti ya tatu. Padre mmoja alimwuliza anawezaje. Akasema pumzi ni ile ile.

Sasa nafika kwenye lile ambalo halikusomwa, na ambalo baadhi ya ndugu zangu wangependa nisiliseme.

Baadaye alitolewa katika bendi akapewa kazi ya kituo, tena katika wilaya yetu hii. Mtu wa kwenu akiwa askari kwenu, ni taabu. Siku moja walitumwa kukamata wapika gongo, na katika nyumba ya tatu alikuwamo mjane aliyekuwa akiimba naye kanisani tangu utoto. Walivunja vyungu, wakamchukua. Alitozwa faini, na ili kuilipa akauza kahawa ingali mtini, kwa bei ya hasara. Tangu hapo mama yule akibadili njia kila alipomwona, na watu wa nyumba yake hawakumsalimu.

Miaka ikapita, mama akafa. Wanawe wakaomba waimbaji wa kanisa kama desturi. Kiongozi wa waimbaji alikuwa ni yeye. Aliweza kutoa udhuru, na kila mtu angeelewa. Akaenda. Mimi nilikuwapo, kijana mdogo. Alisimama kando ya kaburi katika kibanja cha watu wale, kati ya migomba yao, bila kofia, bila neno la kujieleza, akaanzisha wimbo. Kwa ubeti mzima aliimba peke yake, maana hapana aliyeitikia. Katika ubeti wa pili mtoto mkubwa wa marehemu akaitikia, na wengine wakamfuata. Sijui kama huko ni kusamehewa. Najua kwamba baada ya siku ile walisalimiana.

Binti yake mkubwa ataka jambo hili lisiandikwe, kwa kuwa ni aibu ya nyumba mbili. Namheshimu sana dada yangu, lakini sikubaliani naye. Tukiondoa vile vyungu vilivyovunjwa, wimbo ule kaburini wabaki kuwa wimbo kama nyimbo nyingine.

Mambo mengine nitayapita upesi. Mwezi wa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, alikuwa kazini, na mke wake peke yake aliwabeba watoto na mbuzi kuelekea kusini. Mama huyo yu hai, naye husimulia safari ile vizuri kuliko niwezavyo mimi. Na haki ni kwamba wasifu wa mume uwe na nafasi ya mguu wa mke.

Alipostaafu alirudi katika kibanja cha baba yake. Huko alikuta lile ambalo hakulitazamia utotoni. Mtaguso wa Vatikano, kwa hati yake ya mwaka 1963, ulikuwa umefungua mlango kwa lugha na muziki wa wenyeji, na ngoma zilikuwa zimekwisha ingia kanisani. Mzee akaanza kutunga kwa Kihaya na Kiswahili, akizigawa sauti kama amakondere, kila kundi na noti zake chache, akizipanga kwa alama alizojifunza kwa polisi. Mwenye masikio aliweza kusikia gwaride chini ya zaburi.

Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kupewa ukardinali, mwaka 1960, alifariki Desemba 1997, akalazwa kwanza Kashozi kwa sababu kanisa kuu la Bukoba lilikuwa halijawa tayari. Alikaa kwetu mpaka mwaka 2012, alipohamishiwa Bukoba. Katika miaka hiyo yote mzee alipita kanisani jioni, akaimba kwa sauti ndogo karibu na kaburi. Aliita kwenda zamu.

Ameacha madaftari manne. Mawili yana nyimbo kamili. La tatu limeliwa na mchwa pembeni. La nne limechanganya noti, hesabu za kahawa, na majina ya askari wenzake wa bendi, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa. Mwana mmoja ataka yawekwe kanisani, mwingine asema ni urithi wa musika, wa tatu amesikia kwamba vitu vya namna hiyo hununuliwa. Wanapoendelea kubishana, mchwa hawangoji.

Ombi langu kwa Chama ni dogo. Nimepata ruhusa ya mjane, si ya kuyachukua, ila ya kuyanakili pale pale mezani kwake. Nahitaji makarani wawili wenye mwandiko safi, na mmoja ajuaye noti, kwa Jumamosi tatu. Karatasi nitanunua mimi. Mama amesema chakula kitakuwapo, na kwamba yeyote atakayekuja aje na masikio pia, kwa kuwa nyimbo sita hazikuandikwa popote, naye azijua zote.