Afisa wa Forodha Naye ni Mlinzi



Tarehe 25 Novemba 1981 mamluki wa Mike Hoare, waliopewa silaha na makaburu wa Afrika Kusini, walitua Mahé, Shelisheli, kwa sura ya watalii, wapate kuipindua serikali ya Rais René. Aliyeifichua njama hiyo hakuwa jemadari, bali afisa wa forodha aliyepekua mzigo kama wajibu wake ulivyomtaka, akakuta bunduki. Mapigano yakazuka, wengi wao wakakimbilia Durban kwa ndege waliyoiteka.

Sisi tunaopakana na mto Ruvuma tuzingatie: adui wa nje hupenya kwenye lango lililouzwa kwa rushwa. Anayepokea hongo hulifungua. Anayetimiza wajibu hulifunga. Ulinzi wa Taifa huanzia mezani petu.