Shingo Ikikazana, Tusikimbilie Kioski

Hapa Majengo, Pumwani, miaka ya 1990, watafiti waliona akina mama wenye virusi vya UKIMWI wakishambuliwa mno na nimokokasi. Bakteria huyo huleta nimonia, na akiingia kwenye damu aweza kufika hadi utando wa ubongo. Tayari wengine penisilini ilikuwa haiwaui sawasawa.

Basi mwenzetu akiwa na homa, kichwa kinamgonga, anaongea ovyo, hata kama shingo haijakazana, tusimnunulie kapsuli mbili tatu pale kioski. Hazimalizi kitu, zinabakiza wale sugu. Twende naye hospitali siku hiyo hiyo. Sindano ya mgongo watu huiogopa sana, lakini bila yale maji kupimwa daktari anabahatisha dawa. Nauli itoke mfuko wa kikundi, mahesabu baadaye.