Huyu ni wa Nani? Vielelezo vya Kuchapwa katika Somo la Anatomia

Naomba nianze na kiroba. Nilipokuwa mwanafunzi nilipanga chumba Soweto, hapa Moshi, kwa mama mmoja wa Kimachame. Uvunguni nilikuwa na kiroba chenye nusu ya mifupa ya binadamu. Niliachiwa na mwanafunzi aliyenitangulia, naye aliachiwa na mwingine. Siku moja mama akaingia kufagia. Niliporudi jioni nikakuta kiroba kimewekwa sebuleni juu ya kiti cha wageni, kimefunikwa kitambaa cheupe. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Mwanangu, huyu ni wa nani?" Nikajibu kwamba ni vifaa vya masomo. Akasema, "Hilo nimelielewa. Nauliza ni wa nani."

Sikuwa na jibu. Mada niliyopewa leo inahusu vielelezo vinavyotengenezwa kwa printa ya 3D, na nitaizungumzia, lakini nitaizungumzia nikiwa bado nimesimama mbele ya kile kiti.

Mwaka 1963 nchi yetu ilikuwa na shule moja ya udaktari, ile ya Dar es Salaam. Mwaka 1997 hapa KCMC, hospitali iliyofunguliwa 1971, kikaanzishwa chuo. Baadaye wenzetu wa hospitali ya Bugando, Mwanza, nao wakaanza, na vingine vikafuata. Wanafunzi wameongezeka, maiti hazikuongezeka kwa mwendo huo. Yeyote aliyewahi kusimama safu ya tatu kuzunguka meza ya upasuaji wa maiti anajua kinachoonekana kutoka pale: migongo ya wenzake. Mkono wa mtu una neva zinazopishana ndani ya kwapa kama nyuzi za ukili, na wewe unazisoma kwa kusikia mwenzako akizitaja.

Na hizo maiti chache zinatoka wapi? Katika sehemu kubwa ya Afrika ni miili iliyokosa wa kuichukua hospitalini. Hapa mlimani Kilimanjaro jambo hili lina uzito wa pekee. Mchaga akifia Dar es Salaam husafirishwa zaidi ya kilomita 500 ili alazwe kihambani, shambani kwa ukoo, kati ya migomba, karibu na waliomtangulia. Ukoo utachangishana mpaka nauli ya jeneza ipatikane. Kwa hiyo anayelala juu ya meza yetu ni yule ambaye hakuwa na ukoo wa kuchangishana. Tunajifunza udaktari kwa mtu mpweke kuliko wote, na hakuna aliyemuuliza.

Mifupa ina hadithi yake. Kwa miaka mingi mifupa iliyosomewa katika vyuo vingi duniani ilitoka India, mpaka serikali ya huko ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1985. Inawezekana kabisa kiroba changu kilikuwa na mtu wa Bengal. Sitajua.

Wala hatuhitaji kwenda India. Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, pale Old Moshi pamoja na viongozi wengine 18. Familia yake inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wamekitafuta kwa miongo mingi. Enzi hizo wataalamu wa Berlin walikuwa wakikusanya mafuvu kutoka makoloni kwa maelfu, wakiyapima na kuyaandika namba, kwa jina la sayansi. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya huko ilitangaza kwamba vipimo vya DNA vimeyaoanisha mafuvu kadhaa na jamaa walio hai huku Kilimanjaro. Wazee wa Old Moshi hawahitaji semina kuelezwa kwamba daktari anaweza kuondoka na kichwa cha mtu. Tunapofundisha fuvu katika mji huu, tunafundisha mbele ya watu hao.

Sasa tuje kwenye printa. Kuchapa ninakokusema hapa si kule kwa fimbo. Picha za CT humkata mgonjwa vipande vyembamba kama mkate wa slesi, bila kumgusa. Programu kama 3D Slicer, au InVesalius ya Wabrazili, zote za bure, humsaidia mtu kuchagua mfupa katika kila kipande na kuviunganisha tena kuwa umbo moja. Printa huyeyusha uzi wa plastiki na kulijenga umbo hilo tabaka juu ya tabaka, kila tabaka unene wa robo ya milimita au pungufu. Fuvu zima kwa printa ndogo ya mezani laweza kuchukua zaidi ya saa 24. Umeme ukikatika saa nane za usiku, asubuhi unakuta nusu fuvu na nyuzi zilizosokotana kama tambi, kwa hiyo bajeti ya printa isiyo na betri ya akiba si bajeti. Plastiki inayotumika zaidi, PLA, hutokana na wanga wa mahindi au miwa. Huanza kulainika kwenye nyuzi joto kama 60. Mkiacha taya juu ya dashibodi ya gari mchana wa Februari, mtakuta limepinda kama aliyepigwa kiharusi.

Je, vinafundisha? Chuo Kikuu cha Monash, Australia, chini ya Paul McMenamin, kilitoa seti ya vielelezo vya namna hii mwaka 2014, kikiwaza hasa nchi ambako maiti ni haba. Mwaka 2016 wakachapisha jaribio la wanafunzi 52 waliogawanywa makundi matatu kujifunza moyo kwa nje: wengine kwa vielelezo, wengine kwa maiti, wengine kwa vyote viwili. Waliotumia vielelezo peke yake walipata alama za juu zaidi. Nimewasikia wenzetu wakilitaja jaribio hili kama vile limefunga mjadala. Halijafunga. Moyo kwa nje ni umbo, na umbo ndilo jambo ambalo printa inaliweza. Mwanafunzi anaweza kuugeuza moyo wa plastiki bila hofu ya kuuchana. Wa maiti huushika kama anashika yai.

Nguvu ya kielelezo naiona zaidi kwenye mfupa, na kwenye sehemu ndogo ngumu. Chukueni mfupa wa panja, ambao ndani yake mna sikio. Mifereji yake haionekani hata ukiupasua; ukiifikia, umeshaiharibu. Uchapeni mara tatu ya ukubwa wake, mwanafunzi apitishe kijiti cha mshikaki pale inapopita neva ya uso, na hatausahau.

Lakini plastiki haina utando. Haimfundishi mtu jinsi mafuta yanavyoficha ateri, wala uzito wa ini linapokulalia kiganjani. Haimfundishi kunyamaza. Mnakumbuka siku ya kwanza ya kuingia chumba cha maiti, harufu ya fomalini machoni, na jinsi hata wale wacheshi wa darasa walivyokaa kimya? Kuna kitu kilianza siku ile ambacho printa haitakianzisha. Sipendekezi meza za maiti ziondolewe. Napendekeza mwanafunzi afike mezani akiwa tayari ameyazungusha mikononi yale atakayoyakuta, ili saa chache na mwili wa mtu zisiishe kwa kuulizana kushoto ni wapi.

Na tusianze kama vile Moshi haijui kazi hii. Hapo jirani, TATCOT imekuwa ikiwafundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Nendeni mkawatazame wakimwaga plasta ndani ya ukungu wa kigutu, wakisubiri ishike, kisha wakichonga kwa tupa huku dole gumba likitafuta pale mfupa utakapouma. Kielelezo cha mwili wa mgonjwa mmoja, mwenye jina, kilikuwa kikitengenezwa Moshi kabla sisi hatujasikia neno 3D. TATCOT hiyo hiyo, pamoja na hospitali ya CoRSU ya Uganda, zilishiriki majaribio ya shirika la Nia Technologies la Canada ya kupiga picha ya kigutu na kuchapa soketi ya mguu bandia. Maarifa yako umbali wa kutembea kwa miguu. Ningependa printa ya anatomia ikae karibu na karakana, kwa sababu fundi ataitengeneza ikiharibika. Sisi madaktari tutaifunika turubai.

Kwa nini tuchape wenyewe badala ya kununua seti ya kiwandani? Seti hizo huwa na mwili mmoja, laini, usiowahi kulima wala kuanguka. Wagonjwa wetu wameanguka kutoka kwenye miparachichi, na kwenye bodaboda. Ateri zao zimejigawa kila mmoja kwa namna yake, jambo ambalo kitabu hulitaja kwa mstari mmoja. Tukichapa kutoka picha zetu, darasa linapata fupanyonga kumi tofauti badala ya moja mara kumi.

Hapo ndipo mama wa Soweto anarudi. Kielelezo kilichochapwa nacho ni cha mtu. Aliingia kwenye CT kwa sababu kichwa kilimuuma, si ili fuvu lake ligawiwe darasani. Wapo wanaosema plastiki si mwili, kwa hiyo hakuna wa kuombwa ruhusa. Mimi sikubaliani, hasa katika mji huu. Faili halizikwi, linaweza kunakiliwa mara elfu na kutumwa popote, na kama tabaka za ngozi hazikufutwa, sura ya mtu inajengeka upya ikatambulika.

Pendekezo langu ni karatasi moja ya ridhaa, kwa Kiswahili kinachosomeka, ielezwe na mtu asiyekuwa daktari wake anayemtibu. Akikataa, basi. Akikubali, kila kielelezo kibandikwe lebo ndogo chini: jinsia, umri, sababu ya kupigwa picha, na neno moja, "aliridhia". Niliandika mfano wa lebo hiyo wiki iliyopita: Mwanamke, miaka 41, alianguka mtini, Kibosho, aliridhia. Nikampa muuguzi mmoja aisome. Akaisoma mara moja tu na kuuliza, "Huyu si mke wa fulani?" Alikosea, maana mwanamke mwenyewe nilimbuni. Hata hivyo nimefuta jina la mahali, Kibosho, na bado natafakari kama mti nao ubaki.